Fundi Yuko Mtaa wa Pili

Mwaka jana mpwa wangu alichora taa. Taa ya mezani, kofia yake ya mkonge uliosukwa kama kiondo, miguu mitatu ya chuma chembamba, na waya ya umeme iliyovikwa kitambaa chekundu. Aliichora kwenye kompyuta, akaizungusha nikaiona pande zote, kisha akauliza, "Mjomba, itanigharimu pesa ngapi kuitengeneza?" Nikamwambia jibu halimo ndani ya hiyo kompyuta. Avae viatu vya kutembea, twende.

Tulianzia Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme katikati ya Nairobi, kabla ya jua kupanda. Kishikio cha balbu, swichi, mita kumi za waya. Tukapenya River Road, tukapita stendi ya mabasi ya Machakos, na kabla hatujaiona Kamukunji, soko la wafua chuma, tayari tulikuwa tunaisikia: nyundo juu ya bati, mamia yake, kila moja na mapigo yake. Mpwa wangu alimwonyesha fundi mmoja mchoro kwenye simu. Mzee yule aliigeuza simu, akaigeuza tena, akacheka kidogo.

"Dada, miguu yako inapendeza macho," alisema. "Lakini hapa unapotaka ikutane yote mitatu, mtoto akivuta waya siku moja tu, pameachana. Wacha nikunje chuma kimoja kitoe miguu miwili. Wa tatu niuchomelee kwa nyuma."

Alikunja kwa bomba aliloazima kwa jirani. Kusugua ncha kulifanyika kibanda cha pili, rangi ikapuliziwa cha nne. Saa nane tulikuwa soko la Kariokor, ambako mama mmoja aliitazama fremu, akaipima kwa kiganja, akasema mkonge hauwezi kushika pale juu bila pete. Kijana akatumwa mbio kutafuta pete. Jioni taa iliwaka mezani kwangu. Safari nzima tulikwenda kwa miguu, nauli yetu ilikuwa ya kutoka nyumbani na kurudi.

Nimeisimulia siku hiyo kwa urefu kwa sababu mazungumzo kuhusu uchumi wa ubunifu Nairobi huwa yanaanzia pengine kabisa. Yanaanzia hotelini, penye chupa za maji na kitambulisho shingoni, na yanahesabu vijana wenye kompyuta, vitovu vya ubunifu vilivyofunguliwa na wafadhili waliojitokeza. Sina ugomvi na kompyuta; ile taa ilizaliwa ndani yake. Ugomvi wangu ni kwamba ubunifu uliotokea siku ile, ule wa chuma kimoja kutoa miguu miwili, ulitokea mikononi mwa mtu ambaye hakuna takwimu ya ubunifu inayomhesabu. Na ulitokea kwa sababu bomba lilikuwa kwa jirani, rangi ilikuwa kibanda cha nne, na pete ilikuwa umbali wa kijana kukimbia. Tasnia ya ubunifu ya mji huu imo katika huo umbali kati ya fundi na fundi. Anayeugusa, anaigusa yote.

Kiswahili chenyewe kililijua hili kabla ya semina. Funda, fundisha, fundi, mafunzo: ni familia moja ya maneno. Mwari hufundwa, mwanafunzi hufundishwa, na fundi ni yule aliyepitia mikono ya mwingine hadi naye akawa na mikono ya kupitiwa. Sasa tazama tulivyogawanya. Mwenye kompyuta tunamwita mbunifu. Mwenye nyundo tunamwita fundi, na tunapotamka neno hilo ofisini tunamaanisha mtu wa kuagizwa. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikifundisha usanifu tangu miaka ya 1960, enzi za Selby Mvusi, yule msanii na mwanafikra wa usanifu kutoka Afrika Kusini aliyefariki katika ajali ya gari mwaka 1967. Kutoka lango la chuo hadi Kamukunji ni chini ya saa moja kwa miguu. Nawajua wahitimu wawili watatu waliomaliza shahada bila kuikanyaga.

Ukaribu huu wa mafundi haukupangwa na mtu mwema. Nairobi ilianza 1899 kama bohari ya reli kwenye tambarare yenye majimaji, na serikali ya kikoloni ikaugawa mji kwa rangi ya ngozi: vilima na upepo wa magharibi kwa Wazungu, mashariki kando ya reli na viwanda kwa Waafrika. Ndiyo maana mtaa wa Pumwani uko ulipo, upande huo wa mashariki. Ndiyo maana Kariokor inabeba hadi leo jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, jina la Kiingereza lililotafunwa na ndimi za wenyeji mpaka likawa letu. Watu waliorundikwa pamoja karibu na karakana za reli na maghala ya viwanda waliokota walichoweza: vipande vya chuma, ujuzi wa kuchomelea, pipa la mafuta linaloweza kuwa sanduku, jiko au beseni. Ubaguzi ulikusudia kuwabana. Kule kubanwa kukawaweka mafundi mlango kwa mlango. Simshukuru mkoloni kwa hilo. Naeleza tu ramani ilivyochoreka.

Mafundi hao waliitwa jua kali kwa kuwa walifanya kazi juani. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea Kamukunji, na vibanda vya kuwakinga jua vikafuata. Mimi si mtu wa kumsifu Moi, na wazee wa makamo yangu wanajua kwa nini. Lakini nikiulizwa ni sera gani ya ubunifu iliyofaa zaidi katika historia ya mji huu, nitataja lile paa la mabati. Serikali haikuwafundisha watu wale kufua chuma. Haikuwaandikia mpango mkakati. Iliwapa kivuli na, kwa kuwapa kivuli, ikawaambia wanaweza kuwepo hapo kesho. Mtu mwenye uhakika wa kesho hununua mashine nzito. Anachukua mwanagenzi. Anapigilia rafu ukutani.

Wanagenzi nao nisiwapambe. Kijana anayejifunza Kamukunji hufagia, huchota maji, hutumwa chai, na miezi hupita kabla hajaguswa na shilingi ya maana. Macho hayana miwani ya kinga. Wanawake wanaofua chuma ni wa kuhesabu. Mpwa wangu aliulizwa mara tatu siku ile kama mchoro ni wa mumewe. Shule hii ina ukatili wake, na mtu anayeisifu bila kuyataja haya hajawahi kukaa pale zaidi ya nusu saa.

Sasa nenda stendi ya Railways saa kumi na moja jioni utazame magari ya Rongai. Utaona kijana akiliacha matatu lenye nafasi liondoke, asubiri jingine. Anasubiri nganya, yaani matatu iliyopambwa, anayoijua kwa jina, yenye sura ya mwanasoka au mwanamuziki ubavuni, taa za buluu chini ya ngazi, skrini kichwani mwa kila kiti na spika zinazotikisa figo. Mimi siipandi, masikio yangu yamezeeka. Lakini huyo kijana anayesubiri ndiye mwamuzi mkali kuliko jopo lolote la tuzo, kwa sababu kura yake ni nauli, na anapiga kila siku.

Nganya moja ni kazi ya mikono mingi. Chesi ya lori hununuliwa, ikapelekwa kwa waunda bodi, wanaochora kwa chaki sakafuni umbo ambalo halimo katika kitabu cha kiwanda chochote. Mshonaji wa viti anafuata, kisha fundi wa umeme, fundi wa muziki, wa vioo, na mwisho mchoraji na kopo lake la rangi ya kupuliza. Karakana hizi ziko Industrial Area, Buru Buru, Umoja, mahali ambapo ukikosa skrubu unapiga mbinja tu. Gharama hufika mamilioni ya shilingi, na haichukui muda mrefu kabla mwenye gari kulirudisha karakana, maana nyingine mpya imeshuka barabarani na abiria wamehama. Hakuna ruzuku hapo. Hakuna mfadhili. Kuna mteja mwenye macho, na mafundi wanaoishi jirani kiasi cha kuibiana mbinu.

Serikali iliikuta sanaa hii wapi? Kwenye faili la makosa. Kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, na wallahi zilihitajika. Watu walikuwa wanakufa barabarani kama nzige. Lakini pamoja na mikanda ukaja mstari wa manjano ubavuni mwa kila matatu, na michoro nayo ikafagiliwa kana kwamba rangi ndiyo iliyokuwa ikiendesha gari vibaya. Ilipita kama miaka kumi kabla Rais Uhuru Kenyatta kutangaza hadharani kwamba vijana waachwe wachore. Michoro ikarudi kwa kasi iliyowashangaza wengi. Nionavyo, ilirudi kwa sababu mlolongo haukuwa umekatika: waunda bodi walikuwa wanaendelea kuunda, washonaji kushona, na wachoraji walikuwa wamejishikiza kwenye mabango ya maduka na kuta za saluni, mtaa ule ule. Lau wangetawanywa, ruhusa ya Rais ingekuta kiwanja kitupu.

Mabango ya maduka si jambo dogo, tukiwa hapo. Kikundi cha Maasai Mbili pale Kibera kilianzishwa mwaka 2001 na wachora mabango wawili, Otieno Kota na Otieno Gomba. Walitoka kwenye "Kinyozi" na "Hoteli" zilizoandikwa kwa brashi hadi kwenye picha zinazotundikwa katika maonyesho. Ukitazama kazi zao unaona bado herufi za kinyozi zimo ndani, na hilo ndilo linalozipa nguvu.

Wasanii wanaoitwa wasanii, wale wa turubai na sanamu, nao walifuata njia ile ile ya kodi nafuu na ukuta usiolalamikiwa. Kuona Trust, kituo cha wasanii, ilianza 1995. GoDown, kituo kingine cha sanaa, ilifunguliwa 2003 katika ghala la zamani pale Dunga Road, Industrial Area, na jina lake halikufichwa maana: ni godauni. Ndani ya ua mmoja kulikuwa na wacheza dansi, wachongaji, wapiga picha na wanamuziki, na mchongaji angeweza kuondoka na wazo lililomdondokea mcheza dansi wakati wa chai. Mwaka 1961 mwandishi wa Marekani Jane Jacobs alieleza kwamba mawazo mapya huhitaji majengo ya zamani, kwa sababu jengo jipya hudai kodi ambayo wazo changa haliwezi kulipa. Aliandika akiitazama New York, lakini Dunga Road ingemfaa kama ushahidi. Mpango wa kuinua jumba kubwa jipya mahali pa ghala lile umechukua miaka mingi, na naukaribisha. Wasiwasi wangu ni mdogo na wa kimaskini: je, ndani ya jumba jipya mtu ataruhusiwa kumwaga rangi sakafuni?

Mbele kidogo, upande wa mtaa wa mabanda wa Mukuru, kuna kikundi cha Wajukuu Art Project. Vijana wa Lunga Lunga walikianzisha mwaka 2004, katikati ya mabati na moshi wa viwanda, wakachora huku wakifundisha watoto wa mtaani kuchora. Mwaka 2022 walialikwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta, wakaufunika mlango wa jumba la kioo la Wajerumani kwa mabati yaliyochakaa, wageni wakaingilia humo. Wakatunukiwa Tuzo ya Arnold Bode. Magazeti yetu yaliandika habari ile kwa mshangao, kana kwamba lulu imeokotwa jaani. Mimi sikushangaa. Yaliyopelekwa Kassel ni yale yale: kuchomelea, kukunja bati, kufunga waya, ustadi ambao Mukuru mzima unao kwa sababu Mukuru iko ukutani mwa Industrial Area. Vijana wale waliongeza jicho lao na subira ya miaka kumi na minane.

Linganisha na Konza. Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa mji wa teknolojia, ekari 5,000 za mbuga, kilomita sitini hivi kusini-mashariki mwa Nairobi kwenye barabara ya Mombasa. Sidai kwamba umeshindwa. Barabara na mabomba yamewekwa, na huenda wajukuu zangu wakafanya kazi huko. Nadai jambo jepesi zaidi. Konza unaweza kuweka umeme, nyaya za intaneti na majengo. Jirani huwezi kumleta kwa zabuni. Mtu aliyechora taa Konza leo, pete yake iko Kariokor, na pete ikiwa kilomita sitini haiwi tena jambo la kumtuma kijana. Inakuwa oda, yenye risiti, siku tatu na nauli ya mzigo, na mara ya pili mchoraji atakata tamaa achore kitu kisichohitaji pete.

Wapo watakaonipinga kwa hoja ya wizi, na hoja yao ina uzito. Ukaribu unaozaa ubunifu ndio unaozaa uigaji. Baada ya miezi miwili taa ya mpwa wangu ilionekana soko la Gikomba kwenye meza ya mtu asiyemjua, kofia ya ukindu badala ya mkonge, bei nusu. Alilia kwa hasira. Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inamruhusu kusajili umbo la kifaa chake, akalindwa miaka mitano, na akiongeza mara mbili ifike kumi na mitano. Nilimhimiza asajili. Lakini sheria inamlinda mtu mwenye pesa ya wakili na muda wa kukaa kortini, na mwuza taa wa Gikomba anaweza kuhamisha meza yake kabla wito haujachapwa.

Na tulipoinunua ile taa ya kuigwa tukaifungua mezani, tukakuta aliyeiiga ameweka mpira mdogo wa tairi chini ya kila mguu, isiteleze. Mpwa wangu aliukodolea macho ule mpira kwa muda. Wiki iliyofuata taa zake zote zilikuwa na mpira. Simhalalishii mwizi, ila sijui ni mji gani ulioweza kupata lile la kwanza bila hili la pili. Wanaotaka watu wabuni bega kwa bega na kila mmoja afumbe macho asimwone jirani wanataka kitu ambacho bado sijakiona popote.

Tishio ninaloliogopa zaidi ya uigaji ni la ardhi. Karibu kila niliyemtaja humu anafanya kazi mahali asipoweza kuonyesha karatasi ya kumlinda. Gikomba huungua mara kwa mara, na moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 serikali ilibomoa makazi kandokando ya mito, Mukuru na Mathare. Mto ukiwa umefurika, mtu kuhamishwa ni kuokolewa, sibishi. Ila orodha ya hasara hutaja nyumba na bidhaa. Haitaji kwamba mchomeleaji alikuwa hatua ishirini kutoka kwa mpaka rangi, na sasa mmoja yuko Ruai na mwingine amerudi Machakos. Mashine zikifidiwa, ule umbali wa hatua ishirini haufidiwi, kwa sababu hakuna fomu yenye nafasi ya kuuandika.

Ningekuwa na sauti City Hall, kwenye ofisi za serikali ya jiji, nisingeomba kitovu kipya. Ningeomba vibanda vya mafundi vipewe hati ya kukaa ya miaka kumi au ishirini, kwa kundi zima na si kwa mtu mmoja mmoja, ili asiweze mjanja mmoja kuuza cha kwake kwa mwenye ghorofa na kuacha pengo katikati ya safu. Ningeomba wapangaji wa barabara, kabla ya kuchora mstari mwekundu, watembee safu hiyo na kuuliza nani anamtegemea nani. Kazi ya siku mbili kwa mtu mwenye daftari. Na wale wa chuo wateremke mara moja kwa wiki, wakae kwenye kigoda cha fundi, wachore hapo.

Mpwa wangu ametengenezewa taa sitini na kitu hadi sasa. Mwezi uliopita alinipigia akitoka kwa yule mzee wa Kamukunji. Alikuta mstari mzima wa vibanda umechorwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na hakuna aliyekuwa na hakika imewekwa na ofisi gani wala siku gani. Mzee alikuwa anaendelea kukunja chuma. Alimwandikia nambari yake ya simu kwenye kipande cha katoni, akamwambia asiwe na wasiwasi, popote atakapokuwa atampigia.

"Nambari yake ninayo, mjomba," aliniambia. "Ila lile bomba ni la jirani, na jirani sikumwuliza jina."

Nilimwambia arudi kesho yake asubuhi akamwulize.